Nilivyomfuata Binti Yangu Kwenye Udokozi

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi sikuusikia uvumi huu barabarani. Uliletwa mpaka mlangoni kwangu na Bi Pasi, pamoja na shati la kupunguza mikono.

Bi Pasi ni jirani yetu, kazi yake kunyoosha nguo za watu. Jina tulimpa kwa hiyo kazi, ila hata angekuwa mpishi lingemfaa vilevile, maana jambo akishalipitia yeye linabaki limenyooka na lina moto.

"Jirani," akasema, "mimi unanijua, si mbea."

Nikajua yamekuja.

"Nasikia Kitinda wako amechagua wizi."

Kitinda ni binti yangu wa mwisho, kitinda mimba, ana miaka ishirini na mmoja. Nikauliza amechagua nini.

"Wizi! Kwenye gemu la mtandaoni. Mpwa wangu anacheza nao. Wenzake wamechagua uaskari, mmoja kachagua uganga, wengine wanarusha moto. Wakati wao wanachagua vitu vya maana, yeye kaulizwa unataka kuwa nani, akasema mwizi. Na mkono, jirani, haujui kama ni gemu. Mkono ukizoea umezoea. Kuna dada mmoja mtaa wa tatu alichagua uvuvi kwenye hayo magemu, leo hapiti kwenye ndoo ya maji bila kutumbukiza kamba."

Nilicheka. Nikapima mikono ya shati, nikamsindikiza mpaka nje. Lakini yale maneno yalinikaa kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo, ukisimama huisikii, ukikaa tu inakuchoma.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Kitinda alikuwa amemaliza shule, miaka miwili yuko ndani ananishonea vifungo, kazi anayoichukia kama dawa chungu. Ndipo akapita kwenye usaili wa mtunza stoo katika shule ya bweni iliyo ng'ambo ya daraja. Walikuwa wengi, akabaki yeye. Kilibaki kitu kimoja tu. Mwalimu Mkuu wa shule ile, mama mmoja mdogo wa umbo, ana desturi yake: hampi mtu funguo za stoo kabla hajaenda nyumbani kwake kuona anavyoishi. Alituma ujumbe kwamba angekuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Akiridhika, Kitinda anachukua funguo. Asiporidhika, Kitinda anarudi kwenye vifungo vyangu mpaka azeeke. Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba binti unayemkabidhi mchele na sabuni za watoto mia nne anajifunza wizi kila siku saa tisa mchana.

Mchana ule nilimkuta kwenye meza yangu ya kukatia, upande wa dirishani, kompyuta yake ikivuma kama nyuki.

"Kitinda."

"Naam, mama."

"Umekuwa mwizi tangu lini?"

Hakuinua hata macho. "Tangu Jumanne."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Ila si mwizi, mama. Ni Mdokozi."

"Kuna tofauti gani?"

"Mwizi anachukua unajua. Mdokozi anachukua hujui."

Na alisema hivyo akidhani ananituliza.

Akanieleza. Wako watano kwenye kundi lao. Mmoja ana ngao, anatangulia kupigwa. Mmoja mganga, anawafufua. Wawili wanarusha moto. Walikosa mtu wa kwenda mbele kimyakimya, aone mitego, afungue milango, arudi awaambie. "Nikajiangalia," akasema, "nikaona mimi ndiye huyo. Sina kelele, halafu naona vitu."

Hilo sikuweza kulikataa. Tangu akiwa na miaka mitano alikuwa anajua nani kafungua sufuria kwa kuangalia tu mfuniko umekaaje.

"Badilisha. Kuwa mganga."

"Haibadilishwi. Ni kuanza upya. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi tunaingia kwenye Ngome, wote wananitegemea."

Nikampelekea baba yake. Baba Kitinda ni mlinzi wa ghala la saruji, analinda usiku, mchana analala. Miaka ishirini na sita amelinda ile saruji na haijapungua hata mfuko. Nilimwamsha nikamweleza yote. Akasikiliza kwa jicho moja.

"Mke wangu, kuna mtu ameibiwa?"

"Bado."

"Basi akiibiwa niamshe."

Nikaona niko peke yangu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nikasema. Kama mtoto ameingia mahali, mimi nitaingia hukohuko nimchunge, kila atakachogusa nikione, na siku akizidisha nitamshika mkono. Nikarudi chumba cha cherehani.

"Nifungulie na mimi."

"Nikufungulie nini?"

"Hilo gemu."

Wazazi wenzangu, mngeuona uso wake. Uliwaka kama mtu aliyewashiwa taa. "Kweli, mama? Utacheza na mimi?" Nikamwambia ndiyo. Hapo ndipo nilipotenda kosa langu la kwanza, na lilikuwa kabla hata sijagusa kitu.

Akaniwekea kompyuta ya kaka yake, ile aliyoiacha alipooa, haina herufi ya Z. Gemu likaniuliza jina. Kitinda akasema watu hawatumii majina yao ya kweli, yeye huko anaitwa Kivuli. Nikaandika MAMA YAKE. Toka siku hiyo kila nilipopita mtu akaniuliza, mama yake nani?

Halafu zikaja picha za kuchagua. Mwenye Ngao, mtu mzima, chuma kitupu, akitembea utadhani sufuria zinaanguka. Mganga, mama mmoja msafi mwenye kitambaa cheupe, moyo wangu ukamwendea. Warusha moto. Na pembeni kabisa huyo Mdokozi, kajifunika kofia, anaangalia chini kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Kitinda, kati ya hawa nani anaweza kumfuata Mdokozi bila kuonekana?"

"Mdokozi mwenzake tu."

Basi mimi, mama wa watoto wanne, nikabonyeza udokozi. Mungu aliniona. Kitinda pia aliniona, akapiga makofi.

Sasa sikilizeni namna lilivyo. Ukishachagua wanakupa pointi saba na visanduku saba: Nguvu, Jambia, Sumu, Kunyata, Vidole, Macho na Kutoroka. Unagawa mwenyewe, na kila ukipanda levo unaongezwa nyingine. Nilifanya kama mama yeyote mwenye chungu kimoja na watoto saba: kila sanduku pointi moja, asilie mtu. Nikatoka getini nikauawa na bata.

Nasema bata. Halikuwa joka wala jambazi, ni bata wa kawaida aliyekuwa anapita na mambo yake. Nikarudi, akaniua tena. Mara ya tatu naona aliningoja.

Kitinda alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. "Mama, ukiwa na mita mbili za kitambaa unashona nini?"

"Sketi."

"Ukilazimisha kutoa sketi, koti, suruali na kofia?"

"Utapata vitambaa vya kufutia meza."

"Basi Mdokozi wako sasa ni kitambaa cha kufutia meza. Chagua vazi moja."

Hapo nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote darasani. Wadokozi wana mikato mitatu. Kuna wa jambia, anayechoma kwa nyuma. Nikamwambia sijawahi kumchoma mtu hata kwa mbele, siwezi kuanzia nyuma na umri huu. Kuna wa sumu. Mimi ndiye ninayepika humu ndani, neno hilo sitaki hata litajwe karibu na jiko langu. Wa tatu ni wa kivuli: pointi zako zote Kunyata na Vidole. Haonekani, hasikiki, anaingiza mkono mfukoni mwa mtu na kuutoa. Haui kitu, hata bata.

"Huo," nikasema.

"Sawa, ila mbili weka Macho, uone wanaokuona. Na mbili Kutoroka. Mdokozi asiyejua kutoroka ni mtu aliyekamatwa tu, bado hajaambiwa."

"Kutoroka ni kwa mwenye hatia. Mimi nimekuja kwa nia safi."

Nikaanza upya, nikazimimina zote Kunyata na Vidole. Macho sifuri. Kutoroka sifuri. Kumbukeni hivyo.

Hapa niwaambie jambo la kazi yangu, maana mbele linakuja kunila. Mtu hapimwi na mifuko iliyojaa. Shada la funguo likikaa kwenye nyonga, simu ikikaa kwenye paja, vinadanganya, unashona sketi ya mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo kila mteja wangu namwambia: toa vitu mfukoni, weka kwenye kopo la vifungo, halafu simama wima. Miaka ishirini na saba nimesema maneno hayohayo.

Na sikujua kumbe nilikuwa nimejiandaa na udokozi maisha yangu yote. Kwenye gemu unamnyatia mtu kwa nyuma, unatokea mduara unaosinyaa, na unatakiwa ubonyeze ukiwa mwembamba kama uzi, si kabla, si baada. Vijana wanahangaika wiki nzima na ule mduara. Mimi niliona ni kutia uzi kwenye sindano. Nilimdokoa askari wa daraja kitana chake siku ya pili tu. Nikakiangalia kile kitana, dhamira ikanisuta, nikarudi nikamnyatia tena nikakirudisha. Hakujua kilitoka wala kilirudi.

"Mama, hakuna Mdokozi anayerudisha!"

"Alikuwa anachania ndevu zake. Achanie nini sasa?"

Nikaendelea hivyo. Nikamaliza askari, nikaenda kwa wafanyabiashara, nikaenda kwa wachezaji wenyewe, watu wa levo ishirini na kitu. Nachukua, naangalia, narudisha, na kilichokuwa kimekunjwa vibaya nakirudisha kimekunjwa vizuri. Wiki ya tatu watu wakawa wanaandikiana huko ndani: jamani, kuna mtu amenipangia mfuko. Kitinda alikuwa ananisomea huku machozi ya kicheko yanamtoka. Sitaki kuwadanganya, zile saa za mchana zilikuwa tamu. Tulikaa upande huu na upande huu wa meza ya kukatia kama hatujawahi kukaa tangu akiwa mdogo. Lakini kila akigeuka, mimi nilikuwa naangalia mikono yake.

Nilimlinda kwa bidii. Mezani nilihesabu vijiko akitoka. Akipita karibu na pochi ya mgeni nilikohoa. Hakuna kilichopotea, nikajisemea ni kwa sababu nalinda.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yanatokea, na mimi sikuyaunganisha. Baba Kitinda aliamka mchana mmoja akanikuta nimesimama kando ya kitanda, akaruka mpaka ukutani.

"Mke wangu! Kohoa! Kanyaga chini kama binadamu!"

"Nimepita tu na beseni."

"Na beseni! La bati! Mimi ni mlinzi miaka ishirini na sita, nasikia paka wa jirani akiwaza, wewe umepita na beseni la bati sijasikia!"

Kinyozi wa pale kona alikuja kupunguziwa suruali. Nikampima, nikaandika. Alipotaka kuondoka akajipapasa.

"Fundi, simu yangu imefikaje kwenye kopo la vifungo?"

"Si umeiweka mwenyewe."

"Mimi?"

"Kwani nani?"

Na niliamini hivyo. Niliamini nimesema kama kawaida, toa vitu mfukoni, naye akatoa. Kumbe wiki ile yote sikuwa nimelisema hilo neno hata mara moja. Kopo lilikuwa linajaa lenyewe. Bi Pasi alikuja na habari mpya, akageuka akanikuta nyuma yake, akapiga yowe, akaondoka bila kuimaliza, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Jioni nikakuta leso yake na miwani yake kwenye vifungo. Nikamwonea huruma, nikasema uzee huu, anasahau vitu ovyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ni mshona nguo na bado sikuangalia nguoni.

Ikafika Jumapili ya Ngome. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, wateja hakuna. Wenzake wanasikika kwenye spika, Mwenye Ngao ana sauti ya mtu mwenye mafua. Kitinda akawatangulia. Alikuwa mzuri, wazazi wenzangu, lazima niseme. "Simameni. Jiwe la tatu ni mtego. Piteni kushoto." Wanapita kushoto. Mimi nimeingizwa kundini kama mtu wa sita, niko nyuma yao wote, sionekani, kazi yangu kuchunga. Wakafika kwenye simba wa jiwe, Kitinda akaingiza mkono mdomoni mwa simba akatoa ufunguo wa dhahabu, akautia mfukoni.

Nikauona ule ufunguo ukiingia mfukoni mwa mwanangu. Zimebaki siku sita Mwalimu Mkuu aje na funguo zake, na mtoto wangu huyu hapa anazoea kutia mfukoni ufunguo usio wake. Nikasogea. Mduara ukasinyaa. Nikabonyeza.

Wakafika kwenye mlango mkubwa, nyuma yao jeshi zima la mifupa linakuja.

"Kivuli, fungua!" anasema mwenye mafua.

"Nafungua."

"Kivuli!"

"Haupo," Kitinda akasema. "Ulikuwa hapa. Haupo."

Walikufa wote watano. Mganga alikufa wa mwisho, anawafufua wanaanguka, anawafufua wanaanguka. Mimi sikufa kwa sababu hakuna aliyeniona. Kwenye kioo cha Kitinda kukatokea mstari mdogo wa maandishi. Nilikuwa sijui kwamba ukimdokoa mtu wa kundi lako gemu linamwambia.

Akainua macho, akaniangalia juu ya meza.

"Mama. Umenidokoa mimi?"

"Nimekuokoa."

"Na nini?"

Nikaanza kunyoosha kitambaa kilicholala mezani.

"Nilidhani umekuja kucheza na mimi," akasema polepole. "Kumbe ulikuja kunichunga. Miaka yote ishirini na mmoja, umewahi kuniona nimechukua kitu cha mtu? Hata kimoja?"

Nilitafuta. Kwa haki kabisa nilitafuta kichwani, tangu anatambaa. Hakikuwepo. Akaifunga kompyuta taratibu. Angeipigiza ningepata la kusema. Wiki nzima alishona vifungo, akiulizwa anajibu, "Ndiyo, mama," "Hapana, mama," basi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, hodi. Mwalimu Mkuu ni kweli mdogo wa umbo, lakini alikuwa ndani ya koti kubwa la kijivu linalofika magotini. Tukampa kiti kizuri. Baba Kitinda aliacha kulala kwa heshima yake, kakaa wima kama nguzo, macho mekundu. Kitinda akamwamkia, akakaa mbele yake na mikono juu ya magoti.

Mwalimu akauliza maswali ya kawaida. Nani anaamka wa kwanza, vitu vinakaa wapi, jiko linafungwa na nani. Kitinda anajibu vizuri, bila haraka. Mimi nilipaswa kukaa nikatulia. Lakini nililiona lile koti. Limeshuka upande wa kushoto, pindo limelala kama mdomo wa mtu aliyenuna.

"Mwalimu," nikasema, "nisamehe. Koti lako linavutwa kushoto."

"Ni hizi funguo, mama. Nimezibeba mwaka mzima tangu mtunza stoo aondoke, limeshazoea."

"Hebu simama kidogo, nikushikie pindo kwa pini. Ni dakika moja."

Akasimama, mama wa watu, huku anaendelea kuongea na Kitinda. Nikachukua futi yangu, nikapita nyuma yake, nikapiga magoti, nikanyoosha hapa, nikapima pale. Nikarudi kwenye cherehani. Ninavyojua mimi, ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu akakaa. Akasema, "Kweli, koti limekuwa jepesi." Kisha akasema, "Binti, mimi nina jambo langu la mwisho. Huwa nampa mtu shada nimwone anavyolishika." Akaanza kuingiza mkono mfukoni.

"Mama," Kitinda akasema kabla ule mkono haujafika. "Rudisha."

"Nirudishe nini, mwanangu?"

Aliangalia tu kopo la vifungo. Na mimi nikaangalia. Juu ya vifungo lilikuwa limekaa shada la funguo kumi na moja, leso iliyokunjwa vizuri na pipi moja ya kikohozi.

Nataka niwaambie ukweli wa nilichofanya, ili ninyi msifanye. Mtu mwenye akili angesema, Mwalimu samahani, mikono yangu imezoea. Mimi nilichukua kopo na kuanza kunyata kuelekea mlangoni. Mbele ya watu watatu, mchana kweupe, nilidhani sionekani. Nilipiga hatua nne kimya kabisa, nzuri sana. Ya tano nikaikwaa kanyagio ya cherehani, nikaenda chini mzima mzima, vifungo vikaruka chumba kizima, na zile funguo zikateleza sakafuni mpaka kwenye kiatu cha Mwalimu. Kutoroka, sifuri.

Baba Kitinda alikuwa ameshasimama kwa mazoea ya kazi, mkono umeinuka, anataka kupiga filimbi. Alipotambua ni mkewe akakaa.

Kifungo kimoja kilikuwa bado kinazunguka chini ya meza.

"Nani ameona zikitoka?" Mwalimu akauliza.

"Mimi," Kitinda akasema.

"Saa ngapi?"

"Zilipokuwa bado zinatoka. Alipopiga magoti. Kwanza leso, halafu pipi, halafu funguo. Anaondoa mifuko ili apime vizuri, Mwalimu, ni kazi yake. Siku hizi tu amesahau kuomba."

"Na hukusema."

"Nilimngoja arudishe. Huwa anarudisha."

"Na asingerudisha?"

"Nimesema, kabla mkono wako haujafika mfukoni."

"Huyu ni mama yako mzazi."

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana nilimngoja. Mtu mwingine nisingemngoja."

Mwalimu Mkuu akaziokota zile funguo. Akazishika kwa muda. Nikiwa sakafuni na pini kwenye goti, nilimwangalia mwanangu na nikaona alivyokaa, mikono yake juu ya magoti, haijatoka hapo tangu mwanzo. Mwezi mzima nimeiangalia ile mikono na sikuiona mpaka siku hiyo.

"Stoo yangu," Mwalimu akasema, "imelindwa na watu watatu kabla yako. Wote walikuwa waaminifu na wote waliibiwa, maana mtu mwaminifu hajui mwizi anaingilia wapi. Utaanza Jumatatu, saa moja." Akamwekea shada mkononi. Kisha akanigeukia mimi, kwa adabu kabisa. "Mama, koti limekaa vizuri, nashukuru. Ila wewe kwenye stoo yangu usikanyage. Hata siku ya wazazi, utakaa viti vya nje."

Akachukua pipi yake akaondoka.

Kitinda aliniinua. Tukaokota vifungo wote watatu, na baba yake, tukipiga magoti. Tulipofika chini ya meza akasema, "Mama, kundi linaingia tena Ngome Jumapili. Wamesema uje. Ila wamepiga kura, utatembea mbele, pale wanapokuona."

Nikamwambia nitakuja. Nikamwambia na mengine, hayo ni yetu.

Uvumi wa Bi Pasi haukufa, umehama tu. Siku hizi unasema mwizi wa nyumba ile ni mama, na siwezi kubisha, kopo liliokotwa mbele ya mashahidi. Wateja bado wanakuja, maana nashona vizuri, ila wanaingia wameshika mifuko yao kwa mikono miwili, na mtu aliyeshika mifuko hapimiki nyonga. Sketi tatu nimezikosea mwezi huu. Baba Kitinda amenifungia kengele ndogo kwenye kiatu. Nimekubali. Naandika haya nayo ikilia kila nikisogeza mguu.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kuupokea uvumi mlangoni kwa sababu umekuja na kazi.

Kumwambia mtoto unakuja kucheza naye, na moyoni umekuja kumchunga.

Kugawa pointi sawa kwa sawa. Chagua vazi moja.

Kuacha sanduku la Macho tupu.

Kuacha sanduku la Kutoroka tupu, hata kama nia yako ni safi.

Kumdokoa mtu wa kundi lako.

Kumpima mtu kabla hujamwomba, kwa mdomo, atoe vitu mfukoni.

Kunyata mbele ya watu wanaokuangalia.

Bata wa getini, mpaka ufike levo ya nne.